Bolti ya Chini

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanamke pekee katika gereji ya wanaume saba. Gereji yenyewe ilikuwa Kakamega mjini, nyuma ya soko: banda la mabati na uwanja wa changarawe iliyokuwa nyeusi kwa oili. Hiyo ilikuwa miaka ya miwa. Watu waliokuwa wakienda kanisani kwa miguu sasa walikuwa na pikapu, na waliokuwa na pikapu walikuwa na trekta na matrela. Kila asubuhi tulikuta trekta mbili tatu langoni, na wenyewe wamesimama kando yake wakitutaka tufanye haraka, maana miwa ikishakatwa haimngojei mtu.

Mwenye gereji alikuwa mzee mrefu aliyejifunza ufundi jeshini. Sisi sote tulimwita Mzee. Alinichukua kutoka chuo cha ufundi karibu na kwetu Shinyalu kwa sababu mwalimu alimwambia nina mikono midogo inayofika mahali ambapo mikono ya wengine haifiki. Ilikuwa kweli. Lakini miezi mitatu baada ya kuanza, nilifunga gurudumu la trela na sikukaza nati vizuri. Gurudumu lilichomoka kule shambani, trela ikalala ubavu na miwa yake. Hakuna aliyeumia. Fundi mmoja aliyenizidi umri alisema mbele ya wateja, akiutaja ugali kwa lugha ya kwetu, "Hiyo ni mikono ya kusonga obusuma." Walicheka wote, hata mwenye trela alicheka.

Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuacha kitu kikiwa kimelegea. Kila nati niliyoifunga niliikaza, kisha nikaivuta mara moja zaidi, hata pale ambapo mkono wenyewe ulikuwa umeniambia imetosha. Nilikuwa nikivuta na huku nasikia kile kicheko.

Gari lililonifundisha lilikuja mwezi wa mvua. Mwenyewe alikuwa kontrakta wa kubeba miwa, mtu wa miaka arobaini hivi, mnene, mwenye sauti ya kusikika hadi sokoni. Alikuwa amelinunua Nairobi, gari refu la familia, na lilikuwa na kitu ambacho hatujawahi kukitengeneza: hita na AC pamoja, joto na baridi kutoka kwenye sanduku moja nyuma ya dashibodi. Hita ilikuwa inavuja. Kila alipoiwasha, zulia la upande wa abiria lililowa na vioo vikaingia ukungu.

"Na mimi nampeleka mama yangu Lumakanda wiki hii," alisema. "Kwa dada yangu. Kule kuna baridi, na mama magoti yanamsumbuanga. Hita lazima ifanye kazi."

Mzee alifungua boneti akatuita sote. Akatuonyesha paipu mbili za aluminiamu.

"Hizi ni za AC. Hakuna mtu azifungue. Ndani kuna gesi imebanwa. Jeshini nilimwona mwenzetu amefungua moja hivi hivi. Vidole viligeuka vyeupe, na viwili havikupona."

Kisha akaninyoshea kidole. "Wewe utaingia chini ya dashibodi. Wengine hawatoshei."

Siku mbili nilifanya kazi nimelala chali sakafuni mwa gari lile, miguu nje kwenye mvua, taa ya mkononi kifuani. Kila nilipogeuza kiwiko nilifikiria zile paipu za gesi na vidole vyangu. Redieta ndogo ya hita niliitoa, Mzee akanunua nyingine. Maji ya moto hutoka kwenye injini, hupita kwenye paipu mbili, huingia kwenye hiyo redieta ndogo, na paipu hizo hushikwa na kibati kimoja chenye bolti mbili, ya juu na ya chini. Ni bolti ndogo, ukubwa wa kidole cha mwisho. Lakini zinaingia kwenye aluminiamu, ambayo ni laini.

Mzee alichuchumaa mlangoni akanieleza polepole, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Zianze zote mbili kwa vidole. Ikikataa kwa vidole, itoe uanze tena, usiilazimishe. Zikishafika, kaza ya juu kidogo, ya chini kidogo, ya juu, ya chini, ili kibati kikae sawa. Mwisho unachukua hii."

Akanipa spana ya kupima. Ilikuwa ndefu, yenye namba mpini mzima, na yeye aliitunza kwenye sanduku la mbao ndani ya kitambaa. Alikuwa ameshaiweka kwenye namba ya kiasi cha kukaza; ikifika hapo hutoa mlio.

"Ikisema ta, toa mkono. Usiongeze."

"Ndiyo, Mzee."

Mchana huo akaenda Kisumu kutafuta vipuri vya trekta. Alisema atalala huko na kurudi asubuhi.

Nilifanya kila kitu alivyosema. Vidole kwanza. Ya juu, ya chini. Spana ikasema ta kwenye bolti ya juu. Ikasema ta kwenye ya chini. Nje, yule fundi aliyenizidi umri alikuwa akicheka na mwenzake juu ya jambo lingine kabisa, lakini mimi nilikisikia kicheko kile, na mkono wangu ukaivuta bolti ya chini mara moja zaidi.

Aliyewahi kushika spana anajua ninachotaka kusema. Bolti inakaza, inakaza, halafu ghafla inakuwa nyepesi. Mkono unaendelea kwenda na hakuna kinachoukataza. Nilikuwa nimekata thredi, ile mistari ya ndani ambayo bolti hujishikilia. Nilibaki nimelala pale, spana mkononi.

Ningetoka niseme. Nilihesabu watu waliokuwa nje: watano. Nikafikiria Mzee akirudi, redieta mpya imeharibika, na siku iliyopotea, na sauti ya kontrakta. Nikafikiria kurudi Shinyalu kumwambia mama nimefukuzwa. Nilitoa ile bolti, nikaizungushia tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba, nikairudisha. Ikashika. Ikashika kiasi kwamba ungeigusa ungesema ni nzima. Tukajaza maji, nikawasha injini dakika kumi hali gari limesimama, nikapitisha kitambaa pale chini. Kilitoka kikavu.

"Iko sawa?" yule fundi aliuliza.

"Iko sawa."

Usiku huo sikulala. Asubuhi nilifika kabla ya watu wote, nikapitisha kitambaa tena. Kikavu. Nilimwomba Mungu Mzee awahi. Aliyewahi ni kontrakta.

Alikuja na mama yake. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, kitambaa kichwani, blanketi ya rangi ya kahawia mabegani, na alitembea akijishika kwenye ubavu wa gari. Mwanawe alimwambia kwamba aliyeingia chini ya dashibodi ni mimi.

"Mulembe, mwanangu," aliniambia, akanishika mikono yote miwili akaitazama. "Msichana kama huyu ndiye ametengeneza gari? Hiyo ni kitu nzuri."

"Mulembe, kukhu," nilijibu. Kukhu ndivyo tunavyomwita bibi. 

Alifungua mlango wa mbele. Miguu yake ingekaa chini ya ile bolti, umbali wa shubiri moja.

"Kukhu, si ukae nyuma? Nyuma kuna nafasi ya kunyosha miguu."

"Nyuma sioni barabara. Nikikaa nyuma natapikanga."

Nikamgeukia mwanawe. "Bosi, hita msiiwashe sana leo. Bado ni mpya."

Alicheka kwa ile sauti yake kubwa. "Sasa nimeitengeneza ya nini?"

Na mimi nilicheka. Hilo ndilo sijawahi kulisahau, kwamba nilicheka pamoja naye. Nilimfungia kukhu mlango. Saa tatu gari likatoka langoni, likashika njia ya Malava.

Mzee alifika karibu saa tatu na nusu. Nilikuwa nimejaribu kufungua kabureta ya pikapu na sikuweza kushika hata bisibisi.

"Ile gari?" aliuliza.

"Imeenda, Mzee."

"Ulipima?"

"Nilipima."

Alivua koti lake akaenda kulitundika. Nilimtazama mgongo wake. Nilijua kwamba akishatundika koti ataingia kwenye kazi nyingine, na mimi sitapata tena nguvu za kusema. Nilimfuata nikasimama nyuma yake.

"Mzee, niliongeza. Baada ya ta. Thredi imekatika. Nimeweka tepu."

Hakupiga kelele. Aligeuka polepole. "Bolti ya juu au ya chini?"

"Ya chini."

"Mama yake amekaa wapi?"

"Mbele."

Alivaa koti tena. Alichukua ufunguo wa pikapu, sanduku la spana ya kupima, na mkebe wake wa bolti. "Ingia," alisema.

Tulishika njia ya Malava. Barabara ilikuwa na trekta za miwa, moja nyuma ya nyingine, matrela yakiyumba, na kila tulipokwama nyuma ya trela nilishika mlango kama kwamba naweza kuisukuma pikapu mbele. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha. Nilijua mvua ile ina maana gani: vioo vitaingia ukungu, kontrakta atawasha hita, ataizungusha hadi mwisho, na injini iliyopanda milima ya Malava itasukuma maji ya moto kwa nguvu ambayo injini iliyosimama gereji haina. Nilijaribu kusema kitu.

"Mzee, nilipowasha haikuvuja."

"Ikiwa baridi haiwezi kuvuja," alisema. Basi.

Tulipita mahali ambapo watu walikuwa wamekusanyika kando ya barabara, na nikafumba macho. Yalikuwa mananasi tu yakiuzwa. Tukaingia barabara ya Eldoret, miwa ikapungua, mahindi yakaanza, na hewa ikawa ya ubaridi. Ndipo tukageuka kuingia njia ya udongo ya Lumakanda. Tulikuwa hatujaenda mbali nilipoliona lile gari.

Lilikuwa limeingia kwenye nyasi, pua yake karibu na mtaro, milango yote miwili ya mbele wazi. Hapakuwa na mtu. Vioo vilikuwa vyeupe kwa ndani. Kwenye nyasi kulikuwa na blanketi ya kahawia iliyolowa, na kiatu kimoja cha raba cha mwanamke. Mzee alisimamisha pikapu na mimi sikuweza kushuka.  Nilikaa nikitazama kile kiatu.

Mwanamke aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya njia alitupigia kelele. "Wamempeleka kwa ile nyumba ya mabati! Ile yenye miti!"

"Mzima?" Mzee aliuliza.

"Alikuwa analia."

Mzee alinigeukia. "Anayelia yuko hai. Shuka."

Ilikuwa nyumba ya watu wa skimu, wale waliogawiwa mashamba na serikali, ua mpana, ghala la mahindi. Wenyewe walikuwa hawamjui kukhu, walikuwa tu wamesikia honi. Tulimkuta amekaa kwenye kiti, mguu wa kulia ndani ya beseni la maji baridi. Toka kifundo hadi vidole ngozi ilikuwa nyekundu, na juu ya mguu lilikuwa limeinuka lengelenge la ukubwa wa kiganja. Mguu wa kushoto ulikuwa mzima. Kwa bahati alikuwa ameukunja juu ya kiti, na ile blanketi ilikuwa imekunywa maji mengi.

Kontrakta alisimama alipomwona Mzee. Shati lake lilikuwa limelowa.

"Nilikuwa sioni kitu! Mvuke umejaa gari yote, mama analia, na lori ya mahindi inakuja. Nimeingia kwa nyasi nikijua tumekufa. Huyo mtu aliyeniuzia gari Nairobi nitamtafuta. Nitamtafuta mpaka kwake."

 Mzee alinitazama, kisha akatazama ukuta. Nilielewa kwamba hatasema kwa niaba yangu, na pia hatasema uongo.

"Si wa Nairobi," nilisema. "Ni mimi. Nilikaza bolti kupita kipimo, ikakata thredi. Nikaificha."

Kontrakta alikuja mbele yangu. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Asubuhi, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukamwona mama yangu akiingia."

"Nilimwona."

Alinyanyua mkono. Sikuukinga uso wangu. Sijui kwa nini hakunipiga. Mkono ulibaki juu, kisha akaupitisha kichwani mwake akatoka nje, na tulimsikia akipiga teke debe.

Kukhu alikuwa akinitazama kutoka kwenye kiti. "Ndiyo maana ulitaka nikae nyuma," alisema.

"Ndiyo, kukhu."

"Ungeniambia. Mimi ningekaa."

 

Mzee alimbeba kukhu hadi kwenye pikapu, mwanawe akapanda naye, waende zahanati. Kabla ya kuondoka Mzee aliniwekea sanduku na ule mkebe kwenye nyasi kando ya gari. "Tengeneza," alisema. "Nikirudi niikute tayari."

Nilibaki peke yangu. Zulia lilikuwa bado na joto. Nililala tena chali ndani ya maji yale, nikaigusa bolti ya chini, ikatoka kwa vidole. Vipande vya aluminiamu vilikuwa vimejisokota kwenye tepu. Lile shimo lilikuwa refu kuliko bolti, na kule ndani kabisa thredi zilikuwa bado nzima, kwa hiyo bolti ndefu zaidi ingezifikia. Lakini ikiwa ndefu mno ingegonga mwisho wa shimo kabla ya kubana kibati, nayo spana ingesema ta ya uongo. Nilichomeka unyasi mkavu ndani ya shimo, nikaweka alama kwa ukucha, nikaupima na bolti moja moja kwenye mkebe. Ya tano ilifaa. Nilisafisha shimo kwa kitambaa na oili kidogo, nikaifuta. Nikaianzisha kwa vidole. Ikakataa, nikaitoa. Ikakataa tena, nikaitoa.  Mara ya tatu iliingia.

Ya juu kidogo, ya chini kidogo. Kisha spana ya kupima. Ya juu: ta. Ya chini ilizunguka, ikazunguka, nikangoja ule wepesi uje, nikasikia jasho likiingia machoni. Ta.

Mkono wangu ulitaka kuongeza. Hata pale, hata baada ya kuuona ule mguu kwenye beseni, mkono ulitaka. Niliitoa spana nikaitupa nje kwenye nyasi ili isiwe karibu nami.

Yule mwanamke wa shamba aliniazima debe la maji. Niliwasha injini, nikawasha hita hadi mwisho, nikakanyaga mafuta hadi mshale wa joto ulipopanda katikati, nikakaa kwenye kile kiti cha mbele, miguu yangu pale pale ilipokuwa miguu yake, viatu nimevua. Nilikaa hivyo hadi pikapu iliporudi. Maji hayakuja.

Tukiwa njiani kurudi, Mzee alisema mara moja tu. "Kesho unaosha vipuri." Niliosha vipuri miezi minne, kwenye pipa la mafuta ya taa, na hakuna aliyenicheka. Nilikuwa nimedhani kicheko ndicho kitu kibaya kuliko vyote. Ukimya wao ulikuwa mbaya zaidi. Kontrakta alipeleka magari yake yote kwingine. Mzee hakulitaja jambo hilo, na siku moja akaniita akanipa tena spana ya kupima, trekta ya mtu mwingine ikitungoja.

Kidonda cha kukhu kilipona baada ya wiki nyingi. Kilipofunga, mama yangu alisema lazima twende kwake. Alishika ingokho, jogoo mzuri, tukatembea hadi lango lake, na hapo langoni nilisimama nikamwambia mama siwezi. Mama alinishika mkono akanivuta kama mtoto.

Kukhu alitupa viti. Mguu ulikuwa na ngozi mpya, nyeupe kidogo kuliko ile nyingine. Alipokea jogoo, akashukuru, akazungumza na mama habari za mvua na maharagwe. Kisha akanigeukia.

"Nieleze hiyo bolti ilifanya nini."

Nilichukua chupa ya mafuta ya kupikia iliyokuwa mezani nikamwonyesha kwa kifuniko chake: hivi inashika, hivi inazidi, hivi inazunguka bure. Alikichukua kifuniko akakizungusha mwenyewe, mara mbili, tatu.

"Na wewe uliogopa nini, hata ukaongeza?"

"Niliogopa kuchekwa, kukhu."

Alitazama mguu wake, akanimiminia chai. "Haya," alisema. "Kunywa chai."

Nilikuwa sijaimaliza tuliposikia gari la mwanawe likiingia uani. Nilisimama nitoke kwa mlango wa nyuma, lakini kukhu aliniambia nikae nimalize. Kontrakta alifika mlangoni, akaniona, akamsalimia mama yangu kwa heshima, akauliza habari za kwetu. Kisha akazunguka nyumba akaenda kwa ng'ombe. Mimi hakunisalimia siku hiyo, wala mwaka huo wote.